Bisibisi Haitibu Sailensa

Ndugu zangu madereva, na ninyi mafundi vijana mliokaa huku nyuma, naomba bisibisi zikae mfukoni kwanza. Nimelisema hili miaka mingi na leo nalirudia: pikipiki ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ikigoma kuwaka asubuhi, au ikiwaka halafu ikazima kila unapoachia mafuta, usikimbilie skrubu ya sailensa. Sailensa nasema ule mwendo wa injini ukiwa umeachia mafuta, si bomba la moshi. Hapa Njombe, mwezi wa sita na wa saba, kila kijiwe unachopita injini zinapiga kelele zikiwa zimesimama, na mwenyewe anakwambia imetengenezwa. Imetengenezwa nini? Skrubu ile inainua pistoni ya kabureta kidogo tu. Haizibui kitu.

Fungueni bakuli la kabureta. Mtaona jeti mbili za shaba, vile vipande vyenye tundu la kupitishia petroli. Kubwa inalisha injini ukiwa barabarani. Ile nyembamba, mnayoipita bila kuitazama, ndiyo inayolisha sailensa, na tundu lake halifiki hata nusu milimita. Pikipiki ikilala wiki kadhaa, petroli iliyobaki bakulini inakauka na kuacha utando wa njano unaonata kama ulimbo. Ifungue jeti hiyo, ielekeze juani, uchungulie. Mwanga ukitokea mviringo kamili, ni safi. Ukiona umekatika upande mmoja, tatizo umeshalipata, na hujagusa skrubu yoyote.

Najua kuna mtu ataniambia anazibua kwa uzi wa waya wa breki. Acheni! Waya ule ni chuma, na jeti ni shaba laini. Ukisugua mara chache tundu linapanuka, petroli inazidi, plagi inajaa masizi, na jeti hairudi tena ilivyokuwa. Loweka kwenye dawa ya kabureta au petroli safi, kisha piga upepo wa kompresa kwenye jeti na kwenye njia zake zote ndani ya kabureta.

Mwingine atasema, mbona ilitoka Dar es Salaam ikiwa nzima? Ndiyo. Huku tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni hafifu, kwa hiyo injini ikishapata joto, vipimo vya pwani vinaipa petroli nyingi kuliko hewa. Ila alfajiri ni kinyume: baridi inaizuia petroli kugeuka mvuke, inabaki matone, injini inakosa cha kuwasha. Ndiyo maana choki, ile ya kuzidisha petroli kuliko hewa wakati wa kuwasha, ikawekwa. Na hii habari kwamba choki inaua injini tuiache leo. Vuta choki yote, usivute mafuta hata kidogo, piga kiki. Injini ikishika na kupata joto, irudishe. Kinachoharibu ni kutembea nayo umeisahau, petroli ikaosha oili kwenye silinda.

Skrubu ya mchanganyiko wa petroli na hewa, sikilizeni vizuri. Ikiwa upande wa ea klina, yaani chujio la hewa, inapima hewa: ukiikaza petroli inazidi. Ikiwa upande wa injini, inapima petroli: ukiikaza inapungua. Wapo wanaoizungusha kinyume kutwa nzima kwa kutolijua hilo. Ikaze taratibu mpaka iguse, irudishe mzunguko mmoja na nusu, umalizie injini ikiwa na joto.

Muda umenibana, haya nayapitia haraka. Mpira kati ya kabureta na injini ukipasuka, sailensa inapanda na kushuka. Unyunyizie maji, sauti ikibadilika, hewa inaingilia hapo. Msinyunyizie petroli, mtaungua.

Valvu, milango ya kuingiza hewa na petroli na kutoa moshi kwenye silinda, siwezi kuiacha. Pikipiki nyingi za Kichina zimeiga injini ya Honda CG125, ambayo nafasi ya valvu zake, ule mwanya kati ya valvu na mkono unaoisukuma, ni milimita 0.08. Mwanya ukibana zaidi, valvu hazifungi vizuri, kompresheni, yaani mgandamizo wa silinda, inavuja, utapiga kiki mpaka goti liume. Na hupimi injini ikiwa na joto. Sasa nani kaja na pikipiki ambayo haijawashwa tangu jana? Isukume mpaka hapa mbele, usiiwashe.