Kabla ya Kuuliza Hosipawa

Ndugu wasikilizaji, mnunuzi wa pampu kwa kawaida huanza kwa kuuliza hosipawa, yaani nguvu ya mota. Mimi ningependa aanze na futi kamba, apime maji yako wapi na yanapelekwa wapi.

Pampu inayokaa juu ya ardhi hutoa hewa ndani ya bomba, kisha kanieneo (mgandamizo) ya hewa ya nje ndiyo inayoyapandisha maji. Usawa wa bahari kanieneo hiyo inaishia mita 10 hivi. Kwa vitendo hesabu 7, na milimani punguza tena. Pima hadi usoni pa maji wakati wa ukame, kisima kikiwa kimeshuka. Ikizidi mita 7, mota kubwa haisaidii kitu. Hapo chukua pampu ya kuzamisha, inayokaa ndani ya maji.

Chukua mfano. Maji yako mita 5 chini ya pampu, mdomo wa tangi uko mita 10 juu yake, nawe unataka lita 40 kwa dakika. Kimo ni mita 15. Bomba la inchi 1 lenye urefu wa mita 50, pamoja na kona zake, litakula kama mita 5 kwa msuguano. Ukibana matumizi ukaweka la robo tatu inchi, msuguano unapanda mara tatu hadi nne, yaani unafikia kimo chenyewe au kukipita! Kwa bomba la inchi 1 jumla ni mita 20, na pampu nzuri ya nusu hosipawa inatosha. Ukitaka vinyunyizio vya bustani vinavyohitaji kanieneo ya baa 2 moja kwa moja kutoka pampu (baa 1 ni kama mita 10 za maji), ongeza mita 20 nyingine.

Sasa soma kibao cha pampu kwa tahadhari. Kikisema "mita 35, lita 40 kwa dakika", namba hizo hazitokei pamoja. Kwenye mita 35 maji hayatoki kabisa. Lita 40 hutoka pampu isiponyanyua karibu chochote. Dai grafu yake, uone mita zako 20 zinatoa lita ngapi.

Matatizo mengi yako upande wa kuvuta. Bomba lake lisiwe jembamba kuliko tundu la pampu, wala mpira laini, maana utajibana. Lipande mfululizo hadi kwenye pampu. Likiwa na nundu, hewa hujikusanya hapo. Mwishoni weka chujio na valvu ya kuzuia maji yasirudi, sentimita 30 juu ya tope. Pampu ikikataa kuvuta kila asubuhi, kagua valvu hiyo na maungio kabla ya kulaumu mota.

Kisima kikiwa na mchanga, epuka zile pampu ndogo za bei nafuu zenye nafasi finyu ndani: mchanga huzila upesi. Na usiiwashe pampu kavu, kwani sili, kizuizi cha maji kwenye mhimili wa pampu, hupozwa na maji yenyewe. Swichi ya kuelea kisimani huizima maji yakipungua.