Ua la Usambara: miche kutokana na jani moja

Ndugu zangu, ua tulilo nalo mezani leo ni la milima yetu wenyewe, ingawa wengi wetu tulilijua kwanza dukani, ndani ya kopo lenye maandishi ya Kizungu. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani huku Usambara, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la kitaalamu, Saintpaulia ionantha. Siku hizi wataalamu wamelihamishia kwenye jenasi, yaani ukoo mdogo wa mimea, ya Streptocarpus. Majina waachieni wao. Sisi tuangalie linaota wapi.

Linaota kwenye miamba. Usambara Mashariki, vilima vya Taita, magenge ya chokaa ya Kilifi: kote huko mizizi yake mifupi hujishikiza kwenye nyufa zenye mboji haba, kivulini, hewa ikiwa na unyevu na maji yakipita bila kutuama. Ndiyo maana likipandwa chini kwenye udongo wa mfinyanzi, tena likamwagiwa maji asubuhi na jioni, huoza. Wenye nalo hudhani lina kiu, kwa sababu jani la mmea uliooza mizizi hulegea sawasawa na la mmea uliokauka. Kabla ya kumwagia, ingiza kidole kwenye udongo.

Msiling'oe porini. Aina nyingine zimebaki kwenye miamba michache tu, na hakuna haja: jani moja la jirani linatosha.

Jani lenyewe lisiwe la chini kabisa, hilo limezeeka, wala lile changa la katikati. Chukueni la safu ya kati, gumu, lisilo na doa. Kateni kikonyo kwa wembe safi, kibaki sentimita 3 hivi, na mkato uwe wa mshazari, upande uliokatwa ukitazama juu kama uso wa jani. Miche huchipuka kwenye mkato huo, na mshazari huipa nafasi. Ncha ya jani nayo mnaweza kuikata, robo yake, ili jani lisiendelee kujikuza lenyewe. Liacheni kama dakika 15 kidonda kikauke.

Udongo wa kuoteshea ni nusu mchanga mnene wa mto uliooshwa na nusu mboji ya majani iliyochekechwa. Wa pwani, nawaomba, mchanga wa baharini hapana. Chumvi itaunguza mizizi. Samadi nayo hapana. Mwagieni mchanganyiko maji yanayochemka kuua mabuu ya visubi, kisha acheni upoe na kuchuja maji. Chomekeni kikonyo sentimita 1 hadi 1.5 tu, jani liinamie nyuma. Mkikizamisha sana, miche huchelewa kutokeza, au kikonyo huoza kabla.

Mfuniko? Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, nayo chupa ya maji ya lita moja na nusu ni bora kuliko mfuko: kateni kitako, ifunikeni juu ya kopo, na kizibo ndicho dirisha. Matone yakijaa ndani, fungueni kizibo. Wekeni penye mwanga mwingi, jua lisilipige, joto la nyuzi 20 hadi 25. Mizizi hutoka baada ya wiki 3 au 4. Vichipukizi huonekana wiki ya 8 hivi, wakati mwingine baadaye sana. Msilivute jani kila siku kuangalia.

Vijani vya miche vikifika upana wa sentimita 2, tenganisheni. Jani moja huzaa miche kadhaa, na kila mmoja apewe kikopo chake, kipenyo cha sentimita 5 au 6, chenye matundu. Kopo kubwa hushika maji ambayo mizizi haiwezi kuyanywa. Maji yawe ya uvuguvugu wa chumba, mwagieni pembeni au kwenye kisahani, na baada ya nusu saa mwageni yaliyobaki. Maji baridi yakidondokea jani huacha madoa ya duara yasiyofutika. Kisima chenye chumvi ni adui. Kingeni ya mvua.

Maua msiyatarajie kabla ya miezi 6 hadi 9. Mmea wenye majani mazuri usiotoa ua mara nyingi umekosa mwanga, wala si mbolea.

Nasikia mama pale nyuma anauliza kuhusu lile lenye mistari kwenye petali. Hilo kwa jani halifuati mzazi: miche mingi itatoka ya rangi moja. Subiri lichipue mtoto pembeni ya shina, umkate kwa wembe akiwa na majani manne au matano, umfunike kwa chupa ileile.