Matumizi ya Kaya na Dhiki Isiyoonekana Wakati wa Mfumuko wa Bei

Ndugu mwenyekiti, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo huzuka kila mara bei zinapopanda kwa kasi: ikiwa watu wanalalamika kwamba maisha yamekuwa magumu, mbona bado wananunua? Swali hili huulizwa na watu wenye nia njema kabisa, wakiwamo wachumi na wahariri wa magazeti, na mara nyingi jibu huwa limekwisha kuamuliwa kabla swali halijamalizika, kwamba anayenunua anazo fedha na mwenye fedha hana dhiki. Nitajaribu kuonyesha leo kwamba jumla ya matumizi hutueleza mengi kuhusu mauzo na machache sana kuhusu hali ya mnunuzi, na kwamba wakati wa mfumuko wa bei jumla hiyo inaweza kupanda kwa sababu ile ile inayowaumiza watu.

Naomba nianze na jambo la hesabu, kwa kuwa ndilo linalopotosha wengi. Ofisi ya Sensa ya Marekani hutangaza kila mwezi mauzo ya rejareja kwa kutaja dola zilizotumika, bila kuondoa athari ya kupanda kwa bei. Mnamo Juni 2022 bei za walaji nchini humo zilikuwa juu kwa asilimia 9.1 kuliko Juni ya mwaka uliotangulia, kasi ambayo haikuwa imeonekana kwa takriban miaka 40. Katika mwezi wa namna hiyo mauzo yanaweza kuongezeka kwa asilimia 7 au 8, na vyombo vya habari vikatangaza kwamba mlaji yuko imara, ilhali bidhaa zilizotoka madukani zimepungua.

Uingereza hutoa takwimu zinazoliweka jambo hili wazi zaidi, kwa sababu Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya huko huchapisha thamani ya mauzo na kiasi cha bidhaa zilizouzwa kwa pamoja. Mfumuko wa bei ulifikia kilele cha asilimia 11.1 mnamo Oktoba 2022. Mwaka mmoja baadaye, fedha zilizokuwa zikilipwa katika maduka ya rejareja zilikuwa zimezidi zile za Februari 2020, yaani kabla janga la korona halijafunga shughuli, kwa zaidi ya asilimia 15, lakini kiasi cha bidhaa kilikuwa bado chini ya kile cha Februari 2020. Watu walilipa zaidi wakapata pungufu. Anayeusoma mstari wa thamani peke yake ataona taifa lenye hamu ya kununua, na atakayeuweka mstari wa kiasi kando yake ataona taifa linalojibana.

Takwimu za taifa zima, hata hivyo, hazituonyeshi jinsi jambo hili linavyotokea ndani ya nyumba moja, kwa hiyo naomba tufuatane katika hesabu ya kaya ya kubuni, pole pole. Tuseme kaya hiyo inapata 1,000 kwa mwezi, kwa fedha yoyote ile. Kodi ya nyumba ni 300, chakula 250, usafiri 100, umeme na maji 80, ada za shule na matibabu 120, na mambo mengine kama nguo, zawadi na burudani 100. Jumla ni 950, na 50 zinawekwa akiba. Mwaka unapita. Kodi inapanda kwa asilimia 10 na kuwa 330. Chakula kinapanda kwa asilimia 20, na familia inapunguza kiasi inachonunua kwa asilimia 5, kwa hiyo inalipa 285. Usafiri unapanda kwa robo na kuwa 125, na hauwezi kupunguzwa kwa sababu kazini lazima kufikwe. Umeme na maji vinakuwa 92, ada na matibabu 126. Yale mambo mengine yamepanda kwa asilimia 8, nayo familia inayakata kwa theluthi nzima, na bado yanagharimu 72. Jumla sasa ni 1,030. Mshahara umeongezwa kwa asilimia 2, yaani umekuwa 1,020.

Tuiangalie kaya hii kwa macho mawili. Mtakwimu anayehesabu fedha zilizotumika ataandika kwamba matumizi yamekua kwa zaidi ya asilimia 8, ukuaji ambao waziri yeyote angeutaja kwa fahari bungeni. Wanaoishi humo wanakula pungufu, wameacha theluthi ya vile vidogo vilivyowapa nafuu ya maisha, hawaweki akiba tena, na kila mwezi wanakopa 10. Tukivipima vitu walivyonunua kwa bei za mwaka uliopita, matumizi yao yameshuka kwa karibu asilimia 5. Sijaweka katika mfano huu ugonjwa, kufukuzwa kazi wala uzembe wa aina yoyote. Nimepandisha bei na nimeongeza mshahara kidogo, basi.

Sehemu kubwa ya ongezeko la matumizi ya kaya hii imetoka katika vitu ambavyo haikuwa na uwezo wa kuviacha. Mtakwimu wa Kijerumani Ernst Engel alionyesha mwaka 1857, akichunguza bajeti za familia za wafanyakazi wa Ubelgiji, kwamba kadiri familia inavyokuwa maskini ndivyo sehemu ya kipato chake inayokwenda kwenye chakula inavyokuwa kubwa. Uchunguzi huo haujapitwa na wakati, na ndio unaoeleza kwa nini mfumuko unaoanzia kwenye chakula, nishati na kodi ya nyumba humwongezea mwenye kipato cha chini matumizi kuliko unavyomwongezea tajiri. Anayetumia sehemu kubwa ya kipato chake kwa anasa ana pa kukata. Mwingine hana, na matumizi yake yataendelea kupanda mpaka atakapokosa mtu wa kumkopesha.

Hapo ndipo ninapotaka tukae zaidi, kwa sababu kila matumizi yana chanzo chake, nacho ni mshahara, akiba, mkopo au mali iliyouzwa. Takwimu ya mauzo haitofautishi vyanzo hivyo hata kidogo, ilhali hali ya kifedha ya kaya inajulikana humo hasa.

Marekani ya miaka ya 2020 hadi 2024 imeacha kumbukumbu nzuri ya jambo hili. Mnamo Aprili 2020, watu wakiwa wamefungiwa nyumbani na serikali ikituma fedha za msaada, kaya ziliweka akiba zaidi ya asilimia 30 ya kipato chao baada ya kukatwa kodi ya serikali. Tawi la Benki Kuu ya nchi hiyo lililoko San Francisco lilikadiria kwamba akiba ya ziada iliyotokana na janga, yaani ile iliyozidi ambayo watu wangeweka kwa kawaida, ilifikia takriban dola trilioni 2.1 mnamo Agosti 2021. Kisha bei zikapanda, na kiwango cha kuweka akiba kikaporomoka hadi chini ya asilimia 4 katikati ya 2022, chini sana ya kilivyokuwa kabla ya janga. Matumizi hayakuporomoka. Yaliendelea kukua, na wachambuzi wengi wakastaajabia ustahimilivu wa mlaji, ingawa sehemu ya ustahimilivu huo ilikuwa fedha za zamani zinazokwisha. Kwa makadirio ya tawi hilo hilo, ziada ile ilikuwa imeisha yote kufikia Machi 2024.

Akiba ilipopungua, kadi za mkopo ziliziba pengo. Katika robo ya pili ya 2023 madeni ya kadi hizo nchini Marekani yalivuka dola trilioni 1 kwa mara ya kwanza. Jambo la kutia wasiwasi zaidi ni kwamba riba ya wastani ya kadi hizo ilikuwa imepita asilimia 20, baada ya Benki Kuu kupandisha riba yake kutoka karibu sifuri mnamo Machi 2022 hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.50 mnamo Julai 2023. Mtu mwenye deni la dola 1,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwaka hutozwa riba ya karibu dola 17 kila mwezi. Akilipa dola 20, deni lake linapungua kwa dola 3 na ushei. Amelipa kwa wakati, jina lake ni safi katika vitabu vya benki, na hakuna takwimu itakayomtaja kama mtu mwenye shida, lakini kwa mwendo huo deni hilo litamfuata kwa miaka mingi, na chakula alichonunua kwa deni hilo kilikwisha wiki ile ile.

Ipo pia mikopo ya kununua sasa na kulipa baadaye kwa awamu chache, ambayo ilienea sana katika kipindi hicho. Mingi kati ya mikopo hiyo haikuwa ikiripotiwa kwenye mashirika yanayotunza kumbukumbu za wakopaji, kwa hiyo mtu aliweza kuwa na mitatu au minne kwa wakati mmoja bila mkopeshaji yeyote kuiona yote. Fedha hizo zinapotumika huhesabiwa papo hapo kama mauzo, lakini deni lenyewe halikuonekana. Nasema kwa uzito wote kwamba hili ni pengo kubwa katika ujuzi wetu wa hali ya kaya, na halifai kuachwa kwa kuwa tu kila mkopo mmoja mmoja ni mdogo.

Wapo watakaosema kwamba ninachagua ushahidi unaonifaa, na pingamizi lao linastahili jibu kamili. Ni kweli kwamba si kila anayetumia sana wakati wa mfumuko yuko taabuni. Nchini Marekani mishahara ya wafanyakazi wa ngazi ya chini iliongezeka kwa kasi kuliko ya wale wa juu katika miaka iliyofuata janga, na wapo kati yao walioushinda mfumuko. Aliyekuwa na mkopo wa nyumba wa miaka 30 kwa riba isiyobadilika ya asilimia 3 alinufaika hasa, maana mshahara wake ulipanda, thamani ya nyumba yake ikapanda, na marejesho yake ya kila mwezi yakabaki pale pale. Mtu huyo akinunua gari jipya, ana uwezo wa kulinunua. Jirani yake mpangaji, mwenye umri mdogo na asiye na mali, akilipa kodi mpya na kununua tairi kwa kadi, matumizi ya wote wawili yanamiminwa katika jumla moja, na jumla hiyo inapanda. Kwa hiyo sidai kwamba matumizi makubwa ni dalili ya dhiki. Ninachodai ni kwamba jumla haiwezi kuwatenganisha watu hawa wawili, na kwamba anayeitumia kumkanusha mpangaji anatumia ushahidi uliotolewa na jirani yake anayemiliki nyumba.

Kuna sababu nyingine zinazowafanya watu waendelee kutumia hata wanapoumia, nami nitazipitia kwa ufupi. Mwaka 1949 mchumi wa Marekani James Duesenberry alieleza kwamba watu hushikilia kiwango cha maisha walichokwisha kukizoea, na kipato kikishuka hupunguza akiba kwanza kabla ya kupunguza matumizi. Kila anayejua gharama ya kumwondoa mtoto katika shule aliyoizoea anaelewa kwamba ukaidi huo una heshima yake. Isitoshe, bei zinapotarajiwa kupanda zaidi, kununua leo ni busara. Ujerumani ya mwaka 1923 ilifikia mahali ambapo wafanyakazi walilipwa zaidi ya mara moja kwa siku, nao wakakimbilia madukani kabla fedha haijapoteza thamani. Maduka yalijaa watu, na hakuna mwanahistoria anayeuita wingi huo wa wanunuzi kuwa ni neema.

Tukitaka kujua hali ya kaya, njia ya kwanza ni kuwauliza wenyewe, na majibu yao yasidharauliwe kwa sababu eti wanatenda kinyume cha wanavyosema. Fahirisi ya imani ya walaji ya Chuo Kikuu cha Michigan, yaani kipimo cha jinsi watu wanavyoiona hali yao na ya uchumi, ilishuka mnamo Juni 2022 hadi kiwango cha chini kuliko vyote vilivyokuwa vimerekodiwa hadi wakati huo, wakati ule ule ambapo fedha zilizokuwa zikitumika zilikuwa zikiongezeka. Katika utafiti wa Benki Kuu ya Marekani wa mwishoni mwa mwaka huo, asilimia 35 ya watu wazima walisema hali yao ya kifedha ilikuwa mbaya kuliko mwaka uliotangulia, sehemu kubwa kuliko wakati wowote tangu swali hilo lilipoanza kuulizwa mwaka 2014. Wengi walifasiri majibu hayo kama hasira za kisiasa au athari ya habari mbaya. Bila shaka siasa zilikuwamo. Lakini kaya niliyoieleza hapo awali ingejibu hivyo hivyo, na ingekuwa inasema kweli tupu.

Suala hili lina madhara ya moja kwa moja katika sera. Benki kuu inapoona matumizi bado yanakua, huhitimisha kwamba uchumi una nguvu ya kustahimili riba ya juu zaidi, nami sipingi kwamba riba ni chombo halali cha kupambana na mfumuko, ambao ukiachwa huwaumiza maskini kuliko wote. Lakini ikiwa sehemu ya ukuaji huo inalipiwa kwa kadi, riba inayopandishwa kwa hoja kwamba mlaji ana nguvu humwangukia kwanza yule ambaye nguvu hizo hakuwa nazo, ilhali mwenye mkopo wa nyumba wa riba isiyobadilika haguswi. Kwa sababu hiyo napendekeza kwamba taarifa ya matumizi isitolewe kamwe peke yake. Itolewe pamoja na kiasi halisi cha bidhaa, kiwango cha akiba, na marejesho yaliyocheleweshwa, na vyote vigawanywe kwa makundi ya kipato, kwa umri, na kwa wapangaji na wamiliki wa nyumba. Sehemu kubwa ya takwimu hizo hukusanywa tayari katika nchi nyingi, ila hutangazwa kwa siku tofauti na ofisi tofauti, na ya mauzo hutangulia.