Sura Moja kwa Siku: Mhadhara kuhusu Kusoma, Kuomba na Kutenda

Bwana Yesu asifiwe! Tumsifu Yesu Kristo! Nimesalimia mara mbili kwa kuwa humu ndani tuko wa madhehebu mbalimbali. Kila mtu aitikie anavyojua. Wenye daftari zifungueni, maana leo kuna hesabu.

Mkristo akilalamika kwamba hakui kiroho, kwetu kwa kawaida anaombewa. Si vibaya. Ila kabla ya kumwekea mikono ingefaa aulizwe maswali matatu: unasoma kitabu gani cha Biblia sasa hivi, unakisoma saa ngapi, na kwa siku unasoma kiasi gani? Wengi hawana jibu hata kwa moja. Shetani anasingiziwa mambo mengi ambayo ni ya ratiba tu.

Tuanze na kiasi, maana hapo ndipo wengi wanapoangukia. Biblia yenye vitabu 66 ina sura 1,189. Ya Wakatoliki ina vitabu 73, kwa hiyo sura ni nyingi zaidi. Ukigawa 1,189 kwa siku 365 unapata sura tatu na robo kila siku, bila kuumwa, bila msiba, bila safari. Mtu anaazimia hivyo tarehe 1 Januari na kuanza na Mwanzo, sura 50, hadithi tamu za Ibrahimu, Yakobo na Yusufu. Anaingia Kutoka, sura 40, na nusu ya kwanza inakwenda vizuri. Akifika sura ya 25 anakutana na sanduku la mti wa mshita, urefu wake dhiraa mbili na nusu, halafu mapazia, vitanzi, misumari, mavazi ya makuhani. Sura za 35 hadi 39 zinarudia karibu yote hayo wakati wa ujenzi wenyewe. Mwisho wa Januari anaingia Mambo ya Walawi, sura 27 za sadaka, ukoma na unajisi. Hapo anaruka siku mbili. Sasa anadaiwa sura sita na nusu, juu ya tatu za leo. Kesho yake deni limekua, na anayedaiwa hupita njia nyingine asionane na anayemdai. Ndivyo Biblia inavyorudi kabatini hadi Jumapili.

Mambo ya Walawi hayana kosa. Aliyepangiwa ndiye hakupewa matayarisho, akapewa na kipimo kisicho chake.

Kipimo ninachopendekeza ni hiki. Agano Jipya lina sura 260. Mwaka una wiki 52. Ukisoma sura moja kwa siku, siku tano kwa wiki, 52 mara 5 ni 260 kamili: umelimaliza Agano Jipya lote, na kila wiki umebaki na siku mbili za akiba. Siku hizo ndizo zinazookoa mpango. Ukiruka Jumanne, unaisoma Jumamosi. Ukiruka wiki nzima kwa sababu ya ugonjwa, usilipe. Rudi kwenye sura ya leo ya ratiba, ulizoziruka utazikuta mwaka ujao. Najua wapo watakaosema huko ni kulegeza kamba. Lakini anayelipa madeni husoma sura saba usiku mmoja ili aweke alama ya vema, na asubuhi hakumbuki hata moja.

Pa kuanzia ni Marko. Ina sura 16, yaani wiki tatu na siku moja. Ni fupi, inakwenda mbio, na mtu asiyejua lolote ataifuata. Baada yake Luka na Matendo, sura 24 na 28, kwa mfululizo, kwa sababu mwandishi ni mmoja na kitabu cha pili kinaendeleza cha kwanza. Kisha nyaraka fupi: Wafilipi sura nne, Yakobo sura tano. Warumi ije mtu akiwa ameshazoea hoja ndefu. Ufunuo iwe ya mwisho kabisa. Anayeanza nao huishia kutafuta tafsiri za watu YouTube hadi usiku wa manane.

Tafsiri gani? Union Version ya 1952 ndiyo tunayoisikia makanisani, na ndiyo wengi wetu tumeikariri. Ihifadhi kwa kukariri. Lakini ukiwa na Biblia Habari Njema pembeni, aya ngumu za Paulo zitafunguka bila kumsubiri mchungaji.

Saa. Tunapenda kuhubiri alfajiri, kwa kuwa Marko 1:35 inasema Yesu aliondoka alfajiri na mapema sana akaenda mahali pasipo watu. Sawa. Lakini mama ntilie anayewasha jiko saa kumi za usiku hana alfajiri nyingine. Mlinzi wa lindo la usiku anarudi nyumbani saa moja asubuhi macho yakiwa mekundu. Zaburi ya 63 inamtafakari Mungu kitandani usiku, na katika Matendo 3 Petro na Yohana wanakwenda hekaluni saa tisa alasiri. Chagua saa ambayo tayari imefungwa kwenye jambo lingine unalolifanya kila siku: baada ya kunywa chai, kabla ya kufungua duka, gari linapokuwa kituoni linasubiri abiria. Ukisema tu "nitasoma nikipata nafasi", nafasi haitapatikana. Na kama unasomea kwenye simu, zima data kwanza. Ujumbe mmoja wa kikundi cha harusi unatosha kukutoa Yeriko.

Nimetaja Yeriko kwa makusudi. Hebu tusome pamoja mistari saba, Marko 10:46 hadi 52, mwone dakika ishirini zinavyotumika.

Dakika mbili za kwanza, nyamaza, kisha omba kwa sentensi moja upewe kuelewa. Halafu soma mara mbili, mara ya pili kwa sauti. Sauti inakulazimisha kupita kila neno. Macho peke yake yanaruka yale yaliyozoeleka. Baada ya hapo usikimbilie "Mungu ananiambia nini". Uliza kwanza: nani yupo, nani anasema, nini kinabadilika?

Yupo Bartimayo, kipofu, ameketi kando ya njia. Umati unatoka Yeriko. Anapaza sauti, wengi wanamkemea anyamaze, naye anazidi. Tazameni mstari wa 49: Yesu anasimama, na hamwendei. Anasema, "Mwiteni." Wanaotumwa kumwita ni umati uleule, na sasa wanamwambia jipe moyo, inuka, anakuita. Kabla kipofu hajapata macho, umati umegeuzwa. Mstari wa 50, anatupa vazi lake. Mwombaji wa barabarani vazi lake ni godoro na blanketi, na huenda ndilo analotandaza kupokelea sadaka. Analiacha angali kipofu.

Sasa swali la mstari wa 51: "Wataka nikufanyie nini?" Rudini nyuma hadi mstari wa 36 wa sura hiyohiyo. Yesu amewauliza Yakobo na Yohana swali lilelile: wanataka awafanyie nini? Wao waliomba viti, mmoja kuume na mmoja kushoto. Kipofu anaomba kuona. Marko ameyaweka maswali mawili karibu hivyo ili tuyasikie pamoja. Tena, ukirudi sura ya 8, kuna kipofu mwingine wa Bethsaida aliyeponywa kwa hatua mbili, kwanza akiona watu kama miti. Kati ya vipofu hao wawili Yesu anatabiri kifo chake mara tatu, 8:31, 9:31 na 10:33, na kila mara wanafunzi hawaelewi. Na Bartimayo akishaona, "akamfuata njiani". Fungueni sura inayofuata muone njia hiyo inakwenda wapi: Yerusalemu.

Yote hayo yamepatikana kwa kusoma kilicho mbele na nyuma ya mistari saba, bila Kigiriki. Anayesoma "neno la leo" lililochomolewa peke yake hawezi kuyaona, na ugonjwa huo kwetu ni mkubwa. Nyuma ya daladala imeandikwa "Nayaweza mambo yote", Wafilipi 4:13, na dereva anaelewa kwamba atashinda washindani. Someni mstari wa 11 na wa 12: Paulo, akiwa kifungoni, anasema amejifunza kushiba na kuona njaa. Nguvu anayoisema ni ya kuvumilia kupungukiwa. Yeremia 29:11, ile ya mawazo ya amani, tunaandikiana kwenye kadi za mahafali. Sura hiyo ni barua ya Yeremia, na mstari wa 10 unawaambia wahamishwa wa Babeli kwamba wangoje miaka 70. Wengi waliosikia barua ile kwa mara ya kwanza walikufa hukohuko. Kanuni ni rahisi: usikariri mstari kabla hujasoma mitano iliyotangulia na mitano inayofuata.

Dakika tano za mwisho ni za kuomba na kuandika. Kwenye kuomba, tatizo la kawaida ni kwamba tunarudia maneno yaleyale: asante kwa pumzi, tulinde, tubariki. Zaburi ni shule hapa. Chukueni Zaburi ya 13, ina mistari sita tu. Miwili ya kwanza ni malalamiko matupu, "hata lini" mara nne. Miwili inayofuata ni ombi. Miwili ya mwisho ni tumaini na kuimba. Andika sala yako kwa mpango huo: kinachokuuma, unachotaka, unachokijua juu ya Mungu. Wapo wanaoogopa kumlalamikia Mungu. Zaburi ya 88 inaishia gizani bila neno la faraja, na bado imo katika kitabu cha ibada. Ukitaka kusoma Zaburi zote jioni, moja kila siku, siku tano kwa wiki, gawa ile ya 119 kwa beti zake 22 za mistari minane minane, kwa sababu mistari 176 hailiki kwa mkao mmoja. Utamaliza kwa wiki 34 na siku moja.

Kwenye daftari andika vitu vitatu: tarehe na sura, jambo moja uliloliona, tendo moja. Hapo kwenye tendo ndipo wengi wanapoandika hewa. "Nitakuwa na upendo zaidi." Hilo halitendeki. Tendo lina mtu, mahali na saa: leo jioni nitampigia shemeji ambaye hatusemezani. Zakayo, Luka 19:8, hakusema atabadilika. Alitaja nusu ya mali kwa maskini na kurudisha mara nne kwa aliowadhulumu. Uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika, ulijulikana mitaani kwa jambo hilohilo: watu walirudisha vitu vya wizi, wakalipa madeni, wakaungama mbele ya waliowakosea. Majirani walijua kuna kitu kimetokea kabla hawajasikia mahubiri yoyote. Na tendo lisizidi siku moja. Ukijiandikia la mwezi mzima, umejiandikia la kusahau.

Mwisho, usisome peke yako mwaka mzima. Jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele mwaka 1976, zina hatua saba za kusoma Neno pamoja, zilizotoka taasisi ya kichungaji ya Lumko, Afrika Kusini, na Mlutheri au Mwanglikana anaweza kuzitumia bila tatizo: kumkaribisha Bwana, kusoma, kila mmoja kuchagua neno au fungu fupi na kulitamka mara tatu, kunyamaza, kushirikishana, kujadili tendo, kuomba. Zinaharibika kwa njia mbili ninazoziona karibu kila mahali. Moja ni mtu mwenye elimu ya dini kugeuza hatua ya tano kuwa mahubiri. Dawa yake ni kanuni kwamba kila mtu aseme "mimi", asiseme "ninyi", na asizidi dakika mbili. Nyingine ni michango. Kikao kinaanza na rambirambi, harusi, ujenzi wa kigango, na Neno linapewa dakika kumi zilizobaki watu wakiwa wameshika viatu. Someni kwanza, fedha mwisho. Mweka hazina atanuna wiki mbili, kisha atazoea.

Kuna swali nimeletewa kwenye karatasi: nifanye nini nikisoma na kutosikia chochote moyoni? Andika kwenye daftari "leo sikusikia kitu", weka tarehe, fanya tendo hata hivyo, lala. Kesho ni sura inayofuata. Ikiendelea hivyo miezi miwili, mtafute mchungaji au padre uzungumze naye, na umwambie pia unalala saa ngapi na nyumbani kukoje, kwa sababu uchovu na huzuni navyo hukausha moyo.

Wanaoanza kesho: Marko 1 ina mistari 45 na ina matukio mengi mno kwa siku ya kwanza. Ishieni mstari wa 20, Simoni na wenzake walipoacha nyavu. Iliyobaki ni ya keshokutwa.