Plazma Kabla ya Krismasi: Mhadhara Uliotolewa Moshi

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Nashukuru mmekuja, maana najua leo usiku kuna mpira na mimi sina goli hata moja la kuwapa.

Leo nazungumzia kwa nini mashine kubwa za sayansi huchelewa na kuzidi bei. Nianze na jambo ambalo hapa Moshi halihitaji maelezo. Septemba ikifika, fundi mzuri huku milimani hapatikani. Mwenye nyumba yuko Dar, anapiga simu: "Fundi, Krismasi nakuja na wageni, nataka nikute nyumba imekwisha." Fundi anajibu, "Usiwe na wasi, bosi." Na kweli, siku ikifika rangi ya mbele inang'aa, vigae vya sebuleni vimelala, ila choo cha nyuma hakina maji. Yalinikuta mimi. Au niseme ukweli wote: nilijitakia, kwa sababu tarehe niliipanga mwenyewe. Januari tukavunja vigae vipya kutafuta bomba linalovuja, kwa kuwa hakuna aliyepata siku moja ya kulijaribu kwa presha kabla ya kulifukia.

Sasa twende kusini mwa Ufaransa, mahali paitwapo Cadarache, inakojengwa mashine ya ITER. Kazi yake ni kuunganisha viini vya hidrojeni, kama jua linavyofanya, ili kutoa joto. Gesi inapashwa hadi digrii milioni 150 na kuwa plazma. Hakuna sufuria ya kuishika, kwa hiyo inazuiwa na nguvu za sumaku isiguse kuta. Sumaku zenyewe zinataka kupozwa hadi karibu digrii 269 chini ya sifuri. Moto huo na baridi hiyo vinaishi nyumba moja, mita chache tu kati yao. Mkiona bei ya mashine, kumbukeni hizo mita chache.

Mkataba ulitiwa saini mwaka 2006: Umoja wa Ulaya, China, India, Japani, Korea Kusini, Urusi na Marekani. Makadirio yalikuwa kama euro bilioni 5, na plazma ya kwanza ingewaka 2016. Baadaye ikasemwa 2025. Hiyo plazma ya 2025, kwa mpango uliokuwepo, ingekuwa jaribio fupi lenye faida ndogo kisayansi, kisha mashine ifunguliwe tena kwa miaka kuongezewa vifaa vilivyobaki. Hapo ndipo nilipocheka peke yangu ofisini. Hiyo ni nyumba ya Krismasi!

Kilichoivunja tarehe hiyo hakikuwa fizikia ya jua. Vipande vikubwa vya chombo cha ombwe, yaani chombo kisicho na hewa ambamo plazma huwaka, kila kimoja kikiwa na uzito wa mamia ya tani, viliwasili na kingo zisizolingana na kipimo pale vinapopaswa kuchomelewa. Mabomba ya kupozea ya ngao za joto yakakutwa na nyufa, zilizotokana na mabaki ya klorini karibu na sehemu zilizochomelewa. Mwanzoni mwa 2022 mamlaka ya usalama wa nyuklia ya Ufaransa haikutoa kibali cha kuendelea kuchomelea chombo. Sehemu iliyokwisha kushushwa kwenye shimo ikabidi itolewe. Vigae vilivunjwa, ndugu zangu. Mwaka 2024 ikatolewa ratiba mpya: utafiti uanze 2034, mafuta kamili ya dyuteri na triti, aina mbili za hidrojeni nzito, 2039, na nyongeza ya takriban euro bilioni 5. Magazeti yaliandika kwamba ni aibu. Mimi nadhani ni mara ya kwanza ratiba ile kuandikwa na mtu aliyekwenda kulitazama bomba.

Sisi tunaosimamia miradi hujaza rejista ya vihatarishi kwa safu tatu: fedha, muda, ufundi. Mkaguzi anapenda, inapendeza. Lakini nimesimamia miradi ya maji miaka mingi na sijawahi kuona safu hizo zikitembea mbalimbali. Milimita inakosewa, milimita inazaa mwezi, mwezi unazaa mshahara wa watu mia wanaosubiri. Anayekagua fedha anaona mtoto wa tatu tu, na anamchapa huyo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mashine mbili, nazo za kuzuia plazma kwa sumaku, za aina ya stelareta, ambayo sumaku zake zimepindapinda kama mizizi ya mvumo. Ya kwanza, NCSX, ilikuwa ikijengwa Princeton, Marekani. Koili zake kuu 18, yaani nyaya zilizozungushwa ili ziwe sumaku, zilitakiwa kukaa mahali pake kwa usahihi wa milimita moja na nusu hivi, na bei ilifungwa kabla michoro haijakomaa. Makadirio yalipanda kutoka dola milioni 102 hadi kama 170, na mwisho wa ujenzi ukasogea hadi 2013. Mei 2008 serikali ikaufunga mradi. Jambo la kuumiza ni kwamba koili hizo kuu zilikuwa zimekwisha kutengenezwa.

Ya pili ni Wendelstein 7-X, Greifswald, Ujerumani: koili 70 zinazopitisha umeme bila ukinzani, 50 kati yake zimepinda. Nao walipata mkosi uleule. Koili nyingi zilishindwa kwenye majaribio ya kihami, yaani kile kinachozuia umeme usivuje, na kurudishwa kurekebishwa. Ila wao walikaa chini, wakaandika ratiba upya yenye nafasi ya kukosea, wakapewa fedha, na wakakubali kuanza na mashine isiyokamilika. Mtauliza: hiyo si Krismasi tena? Hapana. Wao walisema wazi toka mwanzo ni kipi hakijawekwa, wakapunguza nguvu ya mashine ilingane na kilichopo. Ukilala kwenye chumba kimoja kilichokamilika, hujamdanganya mgeni.

Wajapani, kwa mashine nyingine ya plazma iitwayo JT-60SA, waligundua Machi 2021 wakati wa majaribio kwamba kihami kwenye kiungo cha koili hakitoshi, umeme ukaruka. Ukarabati ukala zaidi ya miaka miwili, plazma ikawaka Oktoba 2023. Kihami kile hufungwa kwa mkono, kama fundi umeme anavyofunga tepu. Kwa hiyo fedha za dharura ziwekwe pale mkono wa mtu unapofika, si kugawanywa asilimia sawasawa kwenye kila mstari. Nazo ndizo za kwanza kukatwa mezani, maana hazina jina. Zipeni jina: "kufumua kiungo cha koili." Mtu huona haya kufuta kitu chenye jina.

Wale wa Greifswald waliwasha Desemba 2015, baada ya zaidi ya saa milioni moja za kazi ya kuunganisha. Wakazima, wakaongeza, wakawasha, wakazima tena, wakafunga sahani zinazopozwa kwa maji, wakarudi kazini 2022. Februari 2023 plazma yao ilidumu dakika nane.

Karibuni maswali. Mama pale nyuma, nimekuona.