Kanisa Likifungwa, Jumuiya Ibaki Wazi

Tumsifu Yesu Kristo!

Wenyeviti na makatibu wa jumuiya ndogondogo za Kikristo, makatekista, wanakwaya, wazee wa halmashauri ya parokia, karibuni. Leo tunazungumzia ibada na maisha ya parokia wakati wa janga, na kitabu chetu cha mazoezi ni miaka ile ya korona hapa Kenya. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Mwezi haukuisha kabla makanisa hayajafungwa, na Pasaka ya tarehe 12 Aprili mapadre wakaiadhimisha mbele ya mabenchi matupu. Milango ilifunguliwa tena Julai, kwa mwongozo wa baraza la dini zote lililoongozwa na Askofu Mkuu Anthony Muheria wa Nyeri: waumini wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, watoto wa chini ya miaka 13 na wazee wa zaidi ya miaka 58 wabaki nyumbani. Kwa majirani zetu Tanzania serikali haikufunga makanisa, lakini Januari 2021 Baraza la Maaskofu kule nalo liliandika barua ya tahadhari. Kwa hiyo haya si mambo ya kungoja amri ya serikali.

Shabaha yangu ni moja: mpango wa janga uanzie kwenye jumuiya, usianzie kwenye lango la kanisa. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipozifanya jumuiya ndogondogo kuwa kipaumbele cha kichungaji, mwaka 1976, hawakuwa wakifikiria virusi. Lakini nyumba kumi na nne zinazojuana kwa majina ndicho chombo pekee tulicho nacho ambacho hakifi siku lango linapotiwa kufuli.

Kabla ya kupanga lolote, ulizeni ugonjwa unapitia wapi. Kipindupindu hupitia majini na kwenye chakula, kwa hiyo hatari iko kwenye sufuria za matangani kuliko kwenye kwaya. Ebola, ambayo ndugu zetu wa Kongo wameijua mara nyingi, hupitia majimaji ya mwili, na mwili wa marehemu una hatari kubwa kabisa; kuosha maiti kunaua. Korona ilipitia hewani. Parokia nyingi zililitambua hilo kwa kuchelewa, zikatumia fedha kwa vitu vya kuonekana: vipimajoto mlangoni, mapipa ya maji kumi, pampu za kunyunyizia dawa. Kunawa ni kwema. Lakini mgonjwa asiye na homa alipita kwenye kipimajoto salama, akaketi saa nzima ndani ya kanisa lililofungwa madirisha kwa sababu ya baridi ya asubuhi. Na kumnyunyizia mtu dawa mwilini, Shirika la Afya Duniani lilikataza moja kwa moja mwaka 2020: inachoma macho na mapafu, na haimwondolei virusi alivyo navyo kooni.

Basi tuanze na hewa. Chukueni chetezo siku ya kazi, kanisa likiwa tupu, madirisha yakiwa yamefunguliwa kama mnavyoyafungua Jumapili. Tieni uvumba mwingi, simameni katikati, kisha angalieni moshi. Ukisogea upande mmoja na kutoka, hewa inapita. Ukining'inia usawa wa macho, ujue pumzi za waumini nazo zinaning'inia hapo hapo. Tafuteni palipoziba: mara nyingi ni madirisha ya upande mmoja tu yanayofunguka, au ya upande wa pili yalipigiliwa misumari zamani kwa ajili ya wezi. Hewa inahitaji kuingia huku na kutokea kule. Feni ya dari inakoroga tu, haitoi kitu. Feni ya kusimama iwekwe dirishani ikitazama nje. Kati ya Misa na Misa acheni nusu saa, kila kilicho na bawaba kikiwa wazi.

Kuhusu kuimba, mfano unaotosha ni wa Marekani, jimbo la Washington. Tarehe 10 Machi 2020 wanakwaya 61 walifanya mazoezi ya saa mbili na nusu. Mmoja alikuwa na dalili. Baadaye 53 walihesabiwa kuwa wameugua, wengine kwa kupimwa na wengine kwa dalili, na wawili wakafa. Anayeimba husukuma pumzi nyingi, na jirani yake huvuta pumzi nyingi pia. Kwaya iwe ya watu wanne hadi sita, wasitazamane, wakae karibu na dirisha la upande ambako hewa inatoka kwenda nje, na mazoezi yafanyike nje. Najua linauma, maana kwa wengi kwaya ndiyo parokia yenyewe. Lakini waimbaji sita wanaopokezana kila juma wanahifadhi kwaya ya arobaini.

Sasa nafasi, na hapa hesabu ndizo zinazowaponza viongozi. Tuseme kanisa lina safu 16 za mabenchi ya mita 4, pande mbili. Siku za kawaida kila benchi hukaliwa na watu wanane, jumla 256. Mkitumia benchi moja na kuruka moja, na mtu na mwenzake wakiachana mita moja na nusu, kila benchi linabeba watatu: 8 mara 2 mara 3, ni 48. Bango mlangoni linasema 100, ila mabenchi yanasema 48. Waliobaki wawekewe hema nje, lililo wazi pande zote, na kipaza sauti. Watu wa nyumba moja waketi pamoja, kwa sababu wanalala nyumba moja. Kuwatenganisha kanisani ni kupoteza viti bure.

Tuseme basi mia kwa kila Misa, ndani na hemani, na padre mmoja. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 905, inataka Misa moja kwa siku. Askofu anaweza kuruhusu mbili, na Jumapili hata tatu kama haja ipo. Kwa hiyo padre mmoja atawafikia 300. Parokia yenye jumuiya 24 za watu wazima 25 ina watu 600. Hapo ndipo zamu inapokuja: jumuiya nne kwa Misa, kumi na mbili kwa Jumapili, kila jumuiya inakuja Jumapili moja na kupumzika moja. Msiwaache watu waje kwa kuwahi, kwa sababu wanaowahi ni wale wale wenye gari na wanaokaa karibu, na mama wa kigangoni atarudishwa mlangoni mara tatu, mara ya nne haji. Zamu ya jumuiya ina faida nyingine: akiugua mmoja, katibu anajua ni nani waliokuwa naye, na daftari la majina linafungwa baada ya siku 14 na kuchomwa.

Komunyo. Siborio, chombo cha hostia, iwe na kifuniko wakati wote padre anaposema. "Mwili wa Kristo" isemwe mara moja kwa sauti kabla ya kugawa, wote waitikie "Amina," kisha ugawaji uwe wa kimya, mikononi, barakoa ikishushwa baada ya mtu kusogea pembeni. Padre na mhudumu wasugue vitakasa mikono sekunde 20 hadi 30, mpaka pakauke. Hili la kukauka ni la watumikiaji pia: kitakasa mikono ni pombe kali, na mtoto mwenye viganja vibichi akiwasha mshumaa, mikono inashika moto kwa mwali usioonekana vizuri mchana. Chupa isikae altareni. Jumatano ya Majivu 2021 Vatikani ilielekeza vivyo hivyo: maneno yasemwe mara moja kwa wote, kisha padre anyunyize majivu kichwani bila kusema neno. Katika Mpako wa Wagonjwa, kanuni ya 1000 inaruhusu kutumia chombo badala ya mkono kwa sababu nzito. Kijiti chenye pamba kinatosha, na baadaye kinachomwa.

Mabenchi yafutwe kwa kitambaa. Dawa ya klorini ya kufulia yenye asilimia 3.5 ichanganywe sehemu moja kwa maji sehemu 34. Kwenye ndoo ya lita 10 ni kama mililita 290. Ichanganywe siku hiyo hiyo, maana inapoteza nguvu, na isiguswe na siki wala dawa ya choo, kwa sababu hutoa gesi inayoua.

Sadaka kwa simu ilizoeleka haraka, hasa kwa kuwa M-Pesa ilisamehe ada za kutuma hadi shilingi 1,000 mwaka 2020. Kosa lililojirudia ni namba kuwa ya mtu binafsi. Iwe ya parokia, na kwenye sehemu ya akaunti muumini aandike namba ya jumuiya na aina ya sadaka, kwa mfano 07ZAKA. Bila hivyo mweka hazina atabaki na majina 400 asiyoweza kuyapanga.

Tuje nyumbani, ambako ndiko kwenye kazi. Misa ya video humla muumini zaidi ya nusu gigabaiti kwa saa. Mahubiri ya dakika tano kwa ujumbe wa sauti hayafiki megabaiti moja. Tumeni sauti. Bibi asiye na simu asomewe na jirani kupitia dirishani.

Kila jumuiya iwe na orodha yenye safu tano: jina la nyumba, simu, nani anaishi peke yake, nani anatumia dawa za kila siku, nani jirani wa karibu. Mwenyekiti anapigia watu watatu, kila mmoja wao anapigia nyumba tatu au nne, Jumanne na Ijumaa. Maswali ni manne: mmekula nini jana, dawa zimebaki za siku ngapi, nani anakohoa, tuwaombee nini. Ulizeni "mmekula nini," msiulize "mmekula," kwa sababu kwa swali la pili kila mtu hujibu ndiyo. Nyumba ya watu watano iliyoishiwa inahitaji kwa juma kama pakiti sita za unga za kilo mbili, maharagwe kilo tatu, mafuta lita moja, chumvi na sabuni. Vipelekwe na mtu mmoja, jioni, bila picha.

Msiba ndio uliovunja watu mioyo, mazishi yalipowekewa kikomo cha watu 15. Kwa korona, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliruhusu familia kuutazama mwili bila kuugusa wala kuubusu. Viongozi wengi hawakujua, wakawanyima watu kuaga. Jueni, ili muweze kuwatetea wafiwa. Wale wasioweza kufika wasali rozari saa ile ile kila mtu nyumbani kwake, na jumuiya iendelee kupiga simu kwa siku 40, kwa kuwa mfiwa aliyekosa matanga hulemewa zaidi juma la tatu kuliko la kwanza.

Karatasi za orodha ziko mezani pale, moja kwa kila jumuiya. Zijazwe kabla ya Majilio na kukaguliwa upya kila Kwaresima, maana simu hubadilika na watu huhama. Nakala moja ibaki kwa katibu, nyingine ofisini kwa paroko, imefungiwa kabatini.