Kocha, Jana Ulisema Nini?

(Mhadhara kwa makocha wa shule za sekondari, Kakamega)

Mulembe, makocha! Poleni na mvua, hasa nyinyi mliotoka Mumias na Butere alfajiri.

Nianze na swali. Mechi yenu ya mwisho mliyofungwa, shida ilikuwa nini? Naam, nasikia refa. Nasikia matope. Nasikia watoto walikula vibaya. Basi nimefika nyumbani! Mimi miaka yangu ya kwanza sikuwahi kufungwa hata siku moja, nilikuwa naonewa tu.

Msimu mmoja mchezaji wangu wa kiungo aliteguka kifundo cha mguu. Ili asikae benchi akinuna, nikampa karatasi na kalamu: kila nikipiga kelele, andika nimemwita nani na nimesema nini. Nilikuwa namtafutia kazi mtoto, sina nia nyingine. Wakati wa mapumziko akanikabidhi ile karatasi akiangalia chini.

Jezi namba 11, winga wangu wa kushoto, nilikuwa nimemwita mara 23. Nusu moja ya mechi! Karibu zote ni neno lilelile: "Rudi! Rudi!" Arudi wapi, amkabe nani, sikusema. Namba 3, beki wa upande huohuo, alikuwa na sifuri. Nilipoitazama karatasi ndipo nikaona mchezo wenyewe. Beki alikuwa anapanda bila kumwambia mwenzake, nafasi inabaki wazi nyuma, nami namkemea winga. Yule wa kuzungumza naye alicheza hatua chache kutoka nilipokuwa nimesimama, na sikumwona.

Ningeulizwa jioni ile bila karatasi, ningeapa kwamba nilizungumza na wote. Hilo si langu peke yangu. Mwaka 1986 Ian Franks na Gary Miller, watafiti wa Canada, waliwapima makocha wa soka wanakumbuka nini baada ya kutazama mchezo. Mambo muhimu waliyoyakumbuka sawasawa hayakufika nusu. Na hao walikuwa wameketi wanatazama. Sisi tunatazama, tunabadilisha wachezaji, tunagombana na mshika kibendera.

Ndiyo maana siwaambii mkae kitandani mjitafakari. Kitandani mtu hujitetea, au hujilaumu mpaka usingizi umkimbie, na kesho yake anafundisha vilevile. Tafakuri inataka ushahidi.

Yupo kocha aliyehesabiwa maneno kweli. John Wooden, wa mpira wa kikapu pale chuo kikuu cha UCLA, Marekani, alistaafu mwaka 1975 akiwa na ubingwa wa vyuo vikuu mara 10. Katika msimu wake wa mwisho, watafiti Ronald Gallimore na Roland Tharp walikaa pembeni mazoezi 15 wakiandika kila tendo lake la kufundisha. Walipata 2,326. Nusu yake yalikuwa maelekezo matupu: fanya hivi, kwa namna hii. Sifa hazikufika asilimia 7. Kwa hiyo asitoke mtu hapa akidhani nimekuja kuwaambia muwasifu watoto zaidi. Wooden hakuwa mwingi wa sifa, ila alichosema kilikuwa na kitu ndani. "Rudi" yangu mara 23 haikuwa na kitu.

Naye alikuwa mtu wa kuandika. Aliweka rekodi za mazoezi yake, mwaka baada ya mwaka.

Langu mimi ni daftari la kurasa 96. Baada ya mazoezi, mistari mitano. Nilipanga nini, nikafanya nini, nilisema nini kilichomsaidia mtu, nani sikumgusa, kesho nabadilisha jambo gani. Jambo moja tu. Refa haruhusiwi kuingia kwenye daftari.

Naona mkono. Madamu anauliza muda utatoka wapi, na ana vipindi 27 kwa wiki. Andika kwenye matatu. Ikijaa ukashindwa kukunjua mkono, jirekodi sauti kwenye simu. Na mara moja kwa mwezi mpe mchezaji aliyeumia karatasi, kisha usimwadhibu kwa alichoandika. Hapo ndipo penye kazi, nawaambia.

Chai imefika, naisikia harufu ya mandazi. Lakini kabla hatujainuka, kila mtu atoe karatasi aandike majina ya wachezaji wake wote, kwa mpangilio yanavyomjia. Dakika mbili.

Kocha wa pale nyuma, wewe uliyekwama kwenye la kumi na sita, usimwangalie jirani. Yeye hafundishi timu yako.